Ukuta wa Bernau na kofia ya Florence

Mwaka jana niliendesha semina ya siku mbili katika ukumbi ambao kuta zake zilikuwa zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta, sakafu ya vigae, juu bati. Asubuhi ya kwanza watu wa safu za nyuma walilalamika kwamba hawasikii. Mwenye ukumbi, kwa nia njema, akaleta spika ya pili. Hapo ndipo tulipoharibikiwa kabisa. Sauti sasa ilikuwa kubwa, lakini kila neno lilikuwa linalikanyaga lililotangulia, na mimi mbele nilijisikia kama ninabishana na pacha wangu aliyejificha nyuma ya ukuta. Jioni tukaazima mapazia mazito, tukayatundika ukuta wa nyuma kwa misumari na kamba. Siku ya pili tulitumia spika moja, nayo ilitosha.

Nilipokuwa nimesimama juu ya meza nikigongea misumari, nilicheka peke yangu. Kisa ninachowasomesha wanafunzi wa ubunifu wa vitambaa kila mwaka kilikuwa kimenijia mwenyewe, tena bila kuniuliza kama niko tayari. Ni kisa cha ukuta mmoja huko Ujerumani, wa karibu miaka mia iliyopita. Wengi hukitaja kwa sentensi moja na kuendelea. Mimi nataka nikae nacho.

Mji unaitwa Bernau, kaskazini-mashariki mwa Berlin. Mwaka 1928 shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani, ADGB, lilianza kujenga huko shule ya kuwafundisha wanachama wake: wafanyakazi 120 kwa awamu, kozi za wiki chache, katikati ya miti na kando ya kiziwa. Wasanifu walikuwa Waswisi wawili, Hannes Meyer na Hans Wittwer. Meyer wakati huo alikuwa pia mkuu wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyokuwa Dessau, kwa hiyo wanafunzi na karakana za Bauhaus ziliingizwa kwenye mradi huo. Jengo ni la matofali ya rangi ya manjano, lina ukanda mrefu wa vioo unaoteremka na mteremko wa ardhi, na ndani yake kuna ukumbi mkubwa wa mikutano. Ukumbi huo ulikuwa na mwangwi.

Kwa shule ya vyama vya wafanyakazi, mwangwi si jambo dogo. Watu hawa wanakuja kusikiliza, kujibishana, kupiga kura. Hotuba ikichanganyika na mkia wake, shule imekosa kazi yake ya kwanza.

Jibu la kawaida la wakati huo lilikuwa kufunika kuta kwa mahameli. Ukuta mgumu huirudisha sauti kama unavyourudisha mpira. Mahameli ina manyoya mafupi yaliyosimama wima. Hewa inayotikiswa na sauti huingia katikati ya manyoya hayo, ikasuguana nayo, na nguvu yake ikageuka joto dogo ambalo hakuna atakayelihisi. Sauti inaingia na haitoki. Ila mahameli ina tabia nyingine: inashika uchafu. Kila anayepita anaipapasa, kila anayeegemea anaacha alama ya bega. Kwa hiyo mahameli ya ukutani hutiwa rangi ya giza ili alama zisionekane, na rangi ya giza humeza mwanga. Umeliponya sikio, umelitia ugonjwa jicho, na bili ya taa imepanda.

Aliyelichukua tatizo hili alikuwa mfumaji wa miaka 30 katika karakana ya ufumaji ya Bauhaus, Anni Albers. Alizaliwa Annelise Fleischmann, Berlin, mwaka 1899, katika familia yenye uwezo, akaolewa na Josef Albers aliyekuwa mwalimu katika shule hiyohiyo. Kitambaa cha Bernau kilikuwa kazi yake ya kumalizia masomo, na stashahada akaipata mwaka 1930.

Alichofanya ni kuligawa tatizo. Sikio linataka kitu cha manyoya. Jicho na mkono wa mfagizi vinataka kitu kinachong'aa na kufutika. Hakuna uzi mmoja unaotoa vyote viwili, lakini kitambaa kina nyuso mbili. Akafuma kitambaa ambacho nyuma yake kuna shenili na mbele yake kuna selofani, pamba ikiwa kiungo. Shenili ni uzi ambao manyoya yake yametoka pande zote, mithili ya kiwavi, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kifaransa. Selofani ni ule utando mwembamba unaong'aa uliotolewa kwenye selulosi ya mbao, uvumbuzi wa Mswisi Jacques Brandenberger wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambao watu waliujua kwa kufungia peremende na maua. Mbele mwanga unapiga na kurudi ukumbini. Sauti inapenya katikati ya nyuzi, inafika nyuma, inakamatwa. Mkono mchafu unakutana na selofani, si na manyoya, na kitambaa kinaweza kubaki cha rangi nyeupe-nyeupe ya fedha bila aibu. Kampuni ya Zeiss Ikon, watu wa kamera na lenzi, ikakipima jinsi kinavyorudisha mwanga.

Selofani ilitoka wapi kichwani mwake? Hapa ndipo wanafunzi wangu huinua macho kutoka kwenye simu. Albers alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amenunua Florence, Italia, kikofia kilichofumwa kwa mkono kwa uzi wa aina hiyo inayong'aa. Alipokuwa anatafuta njia, akakichukua kile kikofia, akakifumua, na uzi wake ndio uliokuwa jaribio la kwanza. Hakuenda maktaba, wala hakuagiza sampuli kiwandani. Alifumua kofia yake mwenyewe.

Mji, pindo na jina

Msomaji wa kwetu anahitaji kusimama kidogo hapa, kwa sababu macho yetu yamelelewa na kanga. Kanga ni sanaa kubwa na sina ubishi nayo, ila kanga inakufundisha kwamba kitambaa ni karatasi. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina, na vyote vitatu vimechapwa juu ya pamba nyeupe iliyokwisha kufumwa na mtu mwingine mahali pengine. Mbunifu wa kanga anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kugusa mtambo wa kufumia, na kanga zake zikawa nzuri. Anachokijua ni rangi, nafasi na maneno.

Kikoi ni habari nyingine. Mistari ya kikoi haikuchapwa; imo ndani ya nyuzi zenyewe. Rangi imetiwa kwenye uzi kabla, uzi ukapangwa kwenye mtande kwa hesabu, nyekundu nne, nyeupe mbili, nyeusi sita, na ukikosea hesabu hapo hakuna wino wa kukuokoa. Mtande ni zile nyuzi za urefu zilizokazwa mtamboni. Mshindio ni ule unaopita kwa upana. Yeyote aliyewahi kumtazama bibi akisuka ukili anaijua mantiki hii kwa vidole: mapambo hayakuja baada ya mkeka, yamekuja nao.

Kitambaa cha Bernau ni ndugu wa kikoi na mkeka, tena kinakwenda mbele zaidi. Hakina pambo lolote la kusimulia. Sampuli zake zimehifadhiwa kwenye makumbusho, na ukizitazama picha zake utaona mng'ao uliokatwakatwa vipande vidogo, kama maji ya bahari saa nne asubuhi, na basi. Kila kinachoonekana ni matokeo ya kazi ambayo kitambaa kinafanya.

Kwa asiyejua namna nyuso mbili zinavyopatikana: katika ufumaji wa kawaida mshindio unapita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata, juu, chini, juu, chini, kwa hiyo mbele na nyuma ni kitu kimoja. Sasa chukua mishindio miwili. Wa kwanza uuambie upite juu ya nyuzi tatu na kuzama chini ya mmoja tu. Wa pili ufanye kinyume: chini ya tatu, juu ya mmoja. Ukiwabana vizuri, wa kwanza atatawala uso wa mbele na wa pili atajificha nyuma, kila mmoja akimfunika mwenzake pale alipozama. Hesabu hii ya tatu kwa mmoja ni ya kufundishia tu; kanuni ndiyo hiyo. Ndiyo maana nasema kitambaa kile kilibuniwa kwa akili ya mfumaji. Mchoraji angeleta mchoro. Mhandisi angeleta ubao wenye matundu. Wazo la kwamba uso mmoja ufanye kazi moja na uso wa pili kazi nyingine, ndani ya unene wa milimita chache, linamjia mtu aliyekaa mtamboni kwa miaka.

Pembe waliyosukumiwa

Kwa nini lilimjia yeye, na kwa nini hapo? Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kipaji cha mtu mmoja na kofia yake. Mimi nakisoma kama hadithi ya karakana.

Bauhaus ilifunguliwa Weimar mwaka 1919 chini ya msanifu Walter Gropius, ikatangaza kwamba haitabagua kati ya wanaume na wanawake. Wanawake wakaja wengi kuliko alivyotazamia. Kufikia 1920 wakubwa wa shule wakawa wameshakubaliana kwamba wanawake waelekezwe kwenye ufumaji, ufinyanzi na ujalidi wa vitabu. Nafasi za chuma, mbao na ujenzi zisijae wao. Albers alipoingia mwaka 1922 hakutaka nyuzi. Alitaka karakana ya vioo. Ufumaji aliuona ni kazi ya kike-kike, isiyo na uzito. Akaingia kwa sababu mlango mwingine haukufunguka.

Na ndani ya mlango huo hapakuwa na mwalimu wa kutosha. Kiongozi wa upande wa sanaa alikuwa Georg Muche, mchoraji, ambaye hakuwa mfumaji. Upande wa ufundi alikuwapo Helene Börner, fundi wa shule ya kale, ambaye mitambo iliyokuwa ikitumika ilikuwa mali yake. Mengine wanafunzi walijifunza kwa kuharibu. Nyuzi zilikatika, rangi zilitoka, mitande ililegea, wakaanza upya.

Aliyegeuza hali hiyo ni Gunta Stölzl, mwanafunzi mwenzao kutoka Munich. Mwaka 1922 yeye na Benita Otte walikwenda Krefeld, mji wa hariri, kusomea kutia rangi; mwaka 1924 wakarudi tena hukohuko kusomea nadharia ya ufumaji. Zingatia mpangilio huo: wanafunzi ndio waliokwenda kutafuta elimu ambayo walimu wao hawakuwa nayo, wakarudi kuwafundisha wenzao. Shule ilipohamia Dessau mwaka 1925, karakana ilipata mitambo ya aina mbalimbali na mahali pa kutia rangi. Muche akaondoka mwaka 1927 baada ya wafumaji kumchoka, na Stölzl akakabidhiwa karakana, mwanamke wa kwanza wa Bauhaus kupewa cheo hicho. Akapanga masomo ya miaka mitatu: kazi ya mkono, hesabu za ufumaji, malighafi, rangi, na mtihani wa ufundi mwishoni. Mchoraji Paul Klee akawa anakuja kuwafundisha umbo na rangi.

Tangu hapo karakana ilianza kuacha mazulia ya ukutani yenye michoro na kuuliza maswali mengine. Uzi huu ukivutwa unarudi? Kitambaa hiki kikikaliwa mwaka mzima kitakuwaje? Marcel Breuer alipotengeneza viti vya mabomba ya chuma, alihitaji kitambaa cha kukalia kisicholegea, na karakana ikampa kilichofumwa kwa uzi wa pamba uliopakwa nta na kukazwa hadi ukawa mgumu, ambao Wajerumani waliuita uzi wa chuma. Margaretha Reichardt alikuwa miongoni mwa walioufanyia kazi uzi huo. Kwa hiyo mwangwi wa Bernau ulipofika, uliwakuta watu waliokwisha kuzoea kuulizwa swali la namna hiyo.

Kuna kejeli moja ambayo siwezi kuiacha ipite. Meyer alipofukuzwa Bauhaus mwezi Agosti 1930, aliandika barua ya wazi yenye hasira, akasimulia mambo aliyoyakuta shuleni alipochukua uongozi. Miongoni mwa yaliyomkera ni mazulia: alisema yaliyotandazwa sakafuni yalikuwa ni matatizo ya nafsi ya wasichana. Huyu ndiye ambaye ukumbi wake ulitibiwa na mmoja wa wafumaji wa karakana hiyohiyo. Kwa upande mmoja namwelewa. Alitaka shule itumikie mahitaji ya watu wa kawaida kabla ya anasa za wachache, na bila msukumo wake huenda kitambaa cha Bernau kisingeagizwa. Kwa upande mwingine, mazulia yale aliyoyacheka ndiyo yaliyokuwa shule ya vidole. Huwezi kufikia selofani bila kupitia mazulia.

Debe letu

Darasani sikubali kisa hiki kibaki hadithi, kwa hiyo hukijaribu. Mwaka huu tulikuwa watu 11. Kila mmoja alipiga fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 30, misumari juu na chini, akakaza mtande wa uzi wa pamba wa kufungia mizigo. Selofani tulinunua dukani kwa wauza maua. Somo la kwanza likaja kabla hatujafuma hata mstari mmoja, kwa njiti ya kiberiti. Selofani halisi ni selulosi, huungua kama karatasi na kunuka kama karatasi. Yetu ilijikunja, ikayeyuka, ikadondosha tone jeusi. Ilikuwa plastiki. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Tukaitumia hivyohivyo, lakini kila mtu akaandika kwenye daftari lake kwamba matokeo haya ni ya plastiki.

Tuliikata vipande vya nusu sentimita. Ilikuwa kero. Inateleza, inajikunjua, ukiibana inafunguka, mtande unahama pembeni. Binti mmoja akaanza kuisokota kabla ya kuipitisha, kama anayesokota utambi, na ghafla ikatulia. Ikawa uzi. Mng'ao wake nao ulibadilika: badala ya kung'aa kwa pamoja kama kioo, ukatawanyika, kila kipindo kikitupa mwanga upande wake. Nadhani hapo waliielewa kofia ya Florence vizuri zaidi kuliko ambavyo ningeweza kuwaeleza. Kofia ilikuwa imeshafanya nusu ya utafiti. Selofani yake ilikuwa tayari uzi.

Kwa upande wa nyuma hatukuwa na shenili. Tulichana mataulo ya zamani.

Kupima tulitumia debe. Wahenga wamesema debe tupu haliachi kuvuma, basi tukaliweka kazini. Unasema neno ndani ya debe tupu, linavuma. Unalitandika sampuli ndani, upande wa taulo ukikabili sauti, unasema tena: kimya, neno linatoka kavu. Darasa likashangilia. Kijana wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza kama ni sauti iliyomezwa au ni bati lililozuiwa kutetemeka kwa kubanwa na kitambaa. Lilikuwa swali zuri kuliko jaribio letu. Tukarudia, safari hii sampuli zikiwa zimening'inizwa kwenye vijiti, zisiguse bati. Mvumo ulirudi kiasi, hasa sauti nzito. Zile nyembamba, za s na t na kofi, zilikuwa zimepungua kweli. Na ndivyo ilivyo kwa kitambaa chembamba popote: hukamata sauti nyembamba kuliko nzito, na hufanya kazi vizuri zaidi kikiachiwa nafasi kidogo na ukuta. Kwa hotuba hiyo ni nafuu kubwa, maana herufi zinazotutofautishia neno na neno ziko huko kwenye sauti nyembamba. Kwa ngoma, tafuta dawa nyingine.

Mwisho tukageuza sampuli, selofani mbele kama ya Albers, tukajaribu tena. Hapa ndipo walipotengana waliofanikiwa na wasiofanikiwa. Waliofuma selofani kwa kubana sana walikuwa wamejenga ukuta mwingine. Sauti iligonga plastiki na kurudi. Waliolegeza, wakaacha vijitundu, sauti yao ilipita hadi kwenye taulo. Kung'aa kunataka selofani nyingi, kusikia kunataka selofani chache. Hakuna mtu aliyewafundisha mvutano huo. Waliuona kwenye kazi yao wenyewe, saa tisa alasiri, mikono imechoka.

Sifa na cheti

Nina shaka na jambo moja katika namna kisa hiki kinavyosimuliwa. Huitwa uvumbuzi, na ni uvumbuzi. Lakini msimuliaji husahau kuuliza ulikuwa mali ya nani. Jengo la Bernau lina majina ya wasanifu wake. Mwaka 2017 liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo mengine ya Bauhaus. Kitambaa ni kitu kinachotajwa kuwa "sehemu ya samani".

Mwenzake Albers katika karakana, Otti Berger, alilitambua hilo mapema kuliko wote. Berger alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji ambacho leo kiko Kroatia. Usikivu wake ulikuwa hafifu kwa sababu ya ugonjwa, na alikuwa mtu wa vidole: aliandika kwamba kitambaa hakitoshi kutazamwa, sharti kishikwe. Alipofungua karakana yake Berlin mwaka 1932 aliwakatalia wenye viwanda kutumia kazi zake bila jina lake, na mwaka 1934 alipata hataza ya Ujerumani, yaani cheti cha kulinda uvumbuzi wake, kwa kitambaa cha samani cha tabaka mbili. Mfumaji kupewa hataza kwa mpangilio wa nyuzi, kama fundi mitambo, ilikuwa dai zito: kwamba kufuma ni kubuni. Alikuwa Myahudi. Utawala wa Nazi ulimzuia kufanya kazi. Akaenda Uingereza, akarudi kwao kumuuguza mama yake, na mwaka 1944 aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Stölzl alikuwa ameshaondoka Bauhaus mwaka 1931 kwa fitina na vitisho, akahamia Zürich. Shule yenyewe ilifungwa mwaka 1933, mwaka uleule ambao Wanazi walitwaa jengo la Bernau. Anni Albers, naye wa ukoo wa Kiyahudi, alifika Marekani mwishoni mwa mwaka huo pamoja na mumewe, wakaajiriwa katika chuo kipya cha Black Mountain, North Carolina. Aliyewapendekeza ni Philip Johnson wa jumba la makumbusho la MoMA, New York, ambaye alikuwa ameziona kazi za Anni Berlin, na baadaye Anni alisimulia kwamba Johnson aliviita vitambaa hivyo pasipoti yake ya kuingilia Marekani. Mwaka 1949 jumba hilohilo lilimfanyia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo hapo awali haikuwahi kupewa mfumaji.

Kule Black Mountain alifundisha karibu miaka 15, na namna alivyofundisha inanivutia kuliko maonyesho yote. Aliwaambia wanafunzi wajione wako pwani ya jangwa la Peru, hawana kitu, hawana mtambo, waanzie sifuri. Akawapa mitambo ya kufungwa kiunoni kama ya wafumaji wa Amerika ya Kusini. Akawapa punje za mahindi, majani, karatasi iliyosokotwa, wavipange mpaka jicho lihisi kitambaa kabla hakijawepo. Yeye ambaye kitambaa chake kilipimwa na kampuni ya lenzi hakuanza na vipimo. Alianza na vitu vilivyo mezani.

Wiki mbili baada ya jaribio letu la debe, yule kijana aliyeuliza swali kuhusu bati alikuja na mfuko wa wavu wa vitunguu, ule mwekundu wa sokoni, akiwa ameshaufumua nusu. Nyuzi zake bapa zilikuwa zimeviringwa kwenye kijiti, zinang'aa, zimejikunja kidogo kwa sababu ya kukaa na mafundo. Nikamuuliza anataka kufanyia nini. Akasema hajajua bado, ila nimwazime debe mpaka Jumatatu.